Kufufua Pikipiki ya Zamani

Pengine katika kibanja cha Bukoba au Muleba, chini ya paa la jiko au kando ya ghala la kahawa, huonekana pikipiki kuukuu imeegemezwa ukutani. Mwenyewe amekwisha zeeka, au amekufa; vijana wa nyumba wamezoea bodaboda zitokazo Bara Hindi na Uchina, nao hawaitazami tena. Kuku hulala juu ya kiti chake. Kisha siku moja hupita mnunuzi wa vyuma chakavu, akaiweka mizanini, akalipa kwa kilo. Basi chombo kilichomchukua mwalimu au mganga miaka mingi juu ya vilima vile huuzwa kwa uzito wake, kama jembe lililovunjika, nacho chaenda kuyeyushwa katika tanuu. Hasara hii yasikitisha, kwa maana mara nyingi pikipiki ya namna hiyo haijafa. Imeshikwa na kutu tu.

Pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1885 na Gottlieb Daimler pamoja na Wilhelm Maybach, na fremu yake ilikuwa ya mti. Baadaye Waingereza walisifiwa sana kwa kazi hii. Katika vita vya 1939 hata 1945, kampuni ya BSA ya Birmingham peke yake ilitengeneza pikipiki za askari za namna ya M20 zaidi ya 120,000. Mwaka 1958 Honda wa Japani walitoa pikipiki ndogo ambayo injini yake haikufika sentimeta 50 za ujazo, na kufikia mwaka 2017 za jamii hiyo zilikuwa zimetimia milioni 100. Fundi hana budi kujua chombo chake kimetoka wapi, kwa kuwa nati za pikipiki za Kiingereza za zamani zilipimwa kwa inchi, na za Kijapani hupimwa kwa milimita. Spana ya milimita ikilazimishwa juu ya nati ya inchi, huteleza na kuzila pembe zake, na nati iliyokwisha kuwa mviringo ni taabu kubwa kuifungua.

Adui wa chuma katika nchi hii ni maji. Mvua ya Bukoba kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, na ya Dodoma haifiki 600. Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na hewa na maji pamoja. Kimoja cha hivyo kikikosekana, hapana kutu. Tena si lazima mvua iinyeshee pikipiki yenyewe. Usiku hewa yenye unyevu hupoa ndani ya tangi lisilojaa, ikageuka matone, nayo matone hushuka chini na kukaa. Petroli iliyoachwa muda mrefu nayo huharibika: sehemu iliyo nyepesi hupotea hewani, na inayobaki hunata kama utomvu wa mgomba, ikaziba njia zote za kabureta.

Kosa kubwa la wengi ni kuipiga pikipiki teke siku ile ile waliyoitoa ghalani. Ndani ya silinda mna pistoni, na pistoni imevikwa ringi za chuma. Ringi zikikaa miaka bila kusogea hushikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Mtu akilazimisha kwa nguvu, ringi huvunjika na vipande vyake huchora silinda. Dawa yake ni kungoja. Plagi hufunguliwa, na katika tundu lake humiminwa dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, ikaachwa juma zima, na kila siku huongezwa kidogo. Ndipo pikipiki hutiwa gia ya juu kabisa, na gurudumu la nyuma husukumwa kwa mkono, mbele na nyuma, polepole. Hutiwa gia hiyo kwa sababu ndiyo inayolipa gurudumu nguvu zaidi juu ya injini. Pistoni ikisogea hata upana wa ukucha, kazi imekwisha shinda. Lakini kabla ya kurudisha plagi, lazima injini izungushwe mpaka yale mafuta yatoke yote, kwa maana kitu cha majimaji hakikubali kugandamizwa kama hewa, na pistoni ikikigonga, mkono wake waweza kupinda. Oili ya zamani nayo humwagwa, kwani imechanganyika na dizeli.

Injini yataka mambo matatu: mgandamizo, cheche kwa wakati wake, na petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo. Mgandamizo hujaribiwa kwa kidole gumba juu ya tundu la plagi. Injini ikizungushwa, kidole chapaswa kusukumwa. Cheche hujaribiwa mbali na petroli. Plagi huunganishwa na waya wake, ikalazwa juu ya chuma cha injini, na mtu akipiga teke ataona cheche ya buluu. Isipoonekana, mara nyingi ubaya uko katika vile vipande viwili vidogo vya madini vinavyogusana na kuachana. Husafishwa kwa msasa laini, na nafasi yao vikiachana kabisa huwa milimita 0.3 hata 0.4 katika pikipiki nyingi. Kabureta huoshwa kwa petroli safi. Vitundu vyake vyembamba visichokolewe kamwe kwa sindano ya chuma, bali vipulizwe, kwani tundu likipanuka kidogo tu pikipiki itakunywa petroli kama mlevi, na hakuna msasa wa kulirudisha.

Katika kazi yote hii hapana penye hatari kama tangi. Watu huliogopa tangi lililojaa, wakalidharau lililo tupu, na kumbe tupu ndilo baya zaidi. Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa mchanganyiko huo. Kwa hiyo kuliunga kwa moto tangi lililotoboka si kazi ya nyumbani kabisa, hata likiwa limekauka miaka kumi. Kutu iliyo ndani hutolewa kwa kutia changarawe safi na maji, kulitikisa sana, kulisuuza, na kulianika juani mpaka likauke. Kazi hii hufanywa nje, mbali na meko na taa ya mafuta, na watoto wadogo wasikaribie. Breki za zamani nazo zina hatari yake ya kimya: nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo, bali lipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa, na kitambaa kifukiwe.

Rangi huja mwisho. Wako wanaoanza kwa rangi, wakapata pikipiki inayong'aa isiyokwenda. Tena wakati wa kupiga msasa, namba iliyogongwa juu ya fremu na juu ya injini isiguswe. Kwa namba hiyo chombo hutambulikana mwaka wake na kiwanda chake, na ikifutwa, mwenyewe atashindwa kuthibitisha kuwa si cha wizi.

Siku ya kwanza injini ikiwaka hutoa moshi mwingi wa buluu. Ni yale mafuta ya silinda, nao huisha. Matairi yenye nyufa hubadilishwa hata kama hayajalika, kwa kuwa mpira huzeeka ukiwa umesimama. Safari ya kwanza iwe fupi, juu ya barabara tambarare iliyo karibu na ziwa pale Bukoba, na breki zijaribiwe mara nyingi. Kisha nati zote zikazwe upya, kwani mtikiso huzilegeza. Vilima vya Muleba vyaweza kungoja juma la pili.