Moshi wa kuni ni fedha inayopotea hewani

MKULIMA wa Mbinga anayepikia kuni mbichi hulipa mara mbili. Hulipa kuni, kisha hulipa dawa ya kikohozi. Moshi mzito ni dalili kwamba sehemu ya kuni haikuungua, imepaa hewani bila kuivisha chakula.

Kuni mbichi zina maji mengi. Moto hutumia kwanza joto lake kuyakausha, ndipo sufuria ipate moto. Ndiyo maana mzigo huisha upesi.

Katika milima ya Umatengo hali huwa mbaya zaidi Juni na Julai. Kwa sababu ya baridi, moto hukokwa ndani muda mrefu na madirisha hufungwa. Asubuhi moshi wa kaya nyingi hutanda mabondeni, na jirani huvuta hata ule asiouwasha.

Miezi hiyo ndiyo ya mavuno ya kahawa. Kahawa ya maganda hunyonya harufu haraka. Gunia likihifadhiwa jirani na jiko, moshi huonekana kwenye kikombe cha muonjaji na daraja hushuka.

Huku chini ziwani, Mbamba Bay na Liuli, wanaobanika samaki hukaa kwenye moshi kwa saa nyingi. Kwao tanuri la matofali lililozibwa pembeni hutumia kuni chache kuliko moto wa wazi, na moshi haumpigi mbanikaji usoni.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo zaidi ya 237,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini asiyemudu gesi leo anaweza kuanza na haya:

- Pasua kuni ndogo ndogo, uzianike, kisha uzipange chini ya paa.
- Badala ya mafiga matatu, jenga jiko banifu la udongo lenye bomba la kutoa moshi nje.
- Fungua dirisha wakati wa kupika, na watoto wakae mbali.
- Hifadhi kahawa chumba kingine.

Hesabu mizigo ya kuni unayotumia kwa wiki kabla na baada ya mabadiliko hayo. Tofauti utakayoipata ndiyo faida yako.