Wani ya Nane na E ya Fizikia

Kila Julai, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, napigiwa simu kuulizwa swali lilelile. Leo linatoka Chanika, Handeni, kesho Manundu, Korogwe. "Daktari, za siku? Mwanao kapata wani ya nane, PCB. Udaktari si anapata?" Nauliza Fizikia kapata nini. Mzazi anasita kidogo, kisha anasema: "Fizikia iliyumba, ana E. Lakini si ana wani?"

Hapati. Miaka yote hii nikiwa katika kazi ya udahili wa vyuo vya tiba, jibu hilo nimelitoa mpaka limenichosha, na linanichosha zaidi kwa sababu aliyepaswa kulisikia alipaswa kulisikia Kidato cha Tano, kabla hajafanya mtihani.

Tatizo ni imani moja ambayo walimu, wajomba na majirani wameikuza: kwamba divisheni ndiyo inayompeleka mtoto udaktarini, na somo lililopaa hubeba somo lililoanguka. Tazama hesabu yenyewe. Baraza la Mitihani, NECTA, huhesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4 na E kuwa 5, na jumla ikiwa kati ya 3 na 9 mtahiniwa yuko divisheni ya kwanza. Kwa hiyo A ya Baiolojia, B ya Kemia na E ya Fizikia ni 8. Ni wani halali, na mtoto anastahili pongezi. Lakini Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hauulizi divisheni. Wenyewe huhesabu kinyume, A ikiwa 5 na E ikiwa 1, na kwa Shahada ya Udaktari wa Tiba unadai pointi zisizopungua 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, tena angalau D katika kila somo. Huyu wetu ana pointi 10. Amezidi zile 6 kwa mbali, lakini ile E moja imemfungia nje.

Sasa mchukue mwenzake aliyepata D tatu. Kwa NECTA ana 12, divisheni ya pili, na pale shuleni ameshaambiwa asahau koti jeupe. Kwa Mwongozo ana 6 kamili na D zote tatu. Ana sifa ya kuomba. Simwambii kwamba Muhimbili itamchukua. Kiwango cha chini humruhusu tu kushindana, na nafasi chache za vyuo vya serikali huchukuliwa na wenye A na B. Tena chuo kina ruhusa ya kudai zaidi ya kiwango hicho. Hata hivyo, kisheria huyu wa tuu yuko ndani na yule wa wani yuko nje. Nikiwaeleza wazazi hivyo wananitazama kama niliyetukana.

Fungua ukurasa wa matokeo wa NECTA. Mstari wa kila mtahiniwa una namba, jinsia, jumla ya pointi, divisheni, kisha somo moja moja. Nyumbani watu husoma hadi kwenye divisheni wakaanza kushangilia. Sisi tunaanza na masomo. Na asije mtu akaniambia kwamba E ni ufaulu mkuu kama D. Ni kweli, na ndiyo maana mtoto ana ufaulu mkuu wa masomo matatu na bado hana sifa.

Imani hii ndiyo inayowalisha vishoka. Mzazi akishaamini kwamba wani ni haki ya udaktari, mtoto anapokosa chuo huona kuna mkono wa mtu, basi na yeye hutafuta mkono wake. Hapo hujitokeza bwana mwenye "mtu wake TCU", anataka laki kadhaa ili "jina lipenyezwe". Nisikilizeni vizuri: TCU haimpangii mtu chuo. Mfumo wa pamoja wa udahili ulioanza 2010 ulikoma 2017. Tangu hapo mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja, chuo kinachagua, na TCU inahakiki waliochaguliwa. Alama huvutwa kwa namba ya mtihani kutoka NECTA. Hakuna karani anayeziandika kwa mkono. Hicho anachokiuza kishoka hakipo, na mzazi aliyeuza mbuzi ili amlipe hatarudishiwa hata senti. Wanaouza vyuo vya nje "visivyoangalia Fizikia" ni ndugu zao. Mhitimu wa nje akirudi, TCU lazima iitambue shahada yake, na maombi hayo huambatana na vyeti vya sekondari. Kisha kuna Baraza la Madaktari Tanganyika kabla hajaandikwa daktari.

Wengine huniuliza Fizikia inamhusu nini mtu anayekwenda kutibu malaria. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ikivimba mpaka upana wake ukabaki nusu, hewa inayopita, kwa msukumo uleule, haibaki nusu. Katika mtiririko tulivu hushuka mara 16. Hiyo ni Fizikia, na daktari wa zamu asiyeielewa atadhani ana muda wakati hana. Ninachokubali bila ubishi ni kwamba E nyingi za vijijini si za mtoto. Ni za shule iliyokaa bila mwalimu wa Fizikia, au yenye maabara iliyofungwa kwa kufuli. Hilo linaniuma, na ni la kumkabili nalo ofisa elimu wakati mtoto yuko Kidato cha Tano, si mimi mwezi Julai.

Haya, la kufanya. Kwanza, kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, Mei ijayo. Kabla ya kulipa ada, mpigie ofisa udahili wa chuo unachokitaka umwulize wanavyopokea matokeo ya mikao miwili. Na tafuta maabara mapema: karatasi ya tatu ni ya vitendo, na tyusheni ya nadharia haimsaidii mtu ambaye hajawahi kuunga sakiti, kusoma amita kwa macho yake na kuchora grafu ya vipimo alivyovichukua mwenyewe. Pili, kozi nyingine za afya: zipo zinazokubali E ya Fizikia ikiwa Kemia na Baiolojia zimesimama imara, uuguzi ukiwemo, soma sifa za kozi yenyewe, chuo kwa chuo. Tatu, omba vyuo kadhaa, usikwamie Muhimbili: kuna KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Dodoma, Ifakara. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kabla siku hazijapita.

Nne ni Stashahada ya Utabibu, miaka mitatu. Kwa wengi wa huku ndiyo njia ya uhakika kuliko zote, na mwenye wastani wa GPA 3.0 au zaidi anaruhusiwa kuomba udaktari. Ila ina mtego. Chuo cha utabibu kinakupokea kwa Kemia, Baiolojia na Fizikia za Kidato cha Nne, hata Hisabati ikiwa F. Ukifika kuomba udaktari unadaiwa angalau D za Kidato cha Nne katika masomo hayo pamoja na Hisabati na Kiingereza. Nimekutana na matabibu wenye GPA nzuri, waliokwisha kuzalisha na kushona majeraha usiku kucha, wamezuiwa na F ya Hisabati ya miaka sita nyuma. Kwa hiyo mwenye F hiyo airudie Novemba akiwa bado mwaka wa kwanza wa utabibu, wakati logarithimu hazijamtoka kichwani. Na usajili wa mtihani huo hufungwa miezi mingi kabla ya Novemba yenyewe.