Je, Wajua? Uwanja mmoja wa mpira hauwatoshi wasichana

Rusizi, mji unaopakana na Bukavu kupitia daraja la Rusizi I, ni mmoja wa miji 6 ambayo Rwanda iliichagua ikue nje ya Kigali. Kwenye vilima vya Ziwa Kivu ardhi tambarare ni adimu, hivyo kujenga kwenda juu kuna mantiki. Swali ni kinachobaki chini, kati ya jengo na jengo, kwa sababu hapo ndipo kijana wa ghorofani hukutana na wenzake. Lakini nafasi ya namna hiyo haiwafai wote sawasawa: huko Vienna, Austria, utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wasichana wakishapita umri wa miaka 9 hivi hutoweka kwenye bustani za umma, wavulana hubaki. Jiji halikuwahubiria wazazi. Katika bustani ya Einsiedler liliongeza njia, viwanja vya voliboli na mpira wa vinyoya, likaligawa eneo wazi katika sehemu ndogondogo, na wasichana wakarudi.

Atakayesema kinachowazuia wasichana wa kwetu ni kazi za nyumbani, si ramani, ana hoja nusu. Kazi hizo ni nyingi kweli. Lakini msichana aliyebakiwa na nusu saa hatapenda kuitumia kugombea uwanja na wavulana ishirini, wala kukaa kwenye kona isiyo na taa. Na gharama? Benchi na taa vikichorwa mapema ni nafuu kuliko kubomoa zege baadaye. Rusizi bado ina nafasi hiyo.