KUTOKA KIMAMBA HADI MIKUMI KWA BAISKELI



Sisi watu wa visiwani tumezoea kupanda baiskeli pwani, bahari ubavuni na upepo wa kusi usoni. Safari hii wajumbe watatu wa Chama tulivuka kwenda bara, tukashinda siku nzima juu ya baiskeli katika Wilaya ya Kilosa. Twawaletea habari zake, kwani tuliyoyaona yanatuhusu.

Baada ya sala ya Alfajiri tuliondoka Kimamba. Tulikuta mkonge: mwingine umepangwa mistari, unakatwa, mwingine umemezwa na vichaka. Mmea huu uliletwa na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, mwaka 1893. Kufikia mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakafungwa.

Chini ya mwembe tulimkuta mzee mmoja aliyekata mkonge tangu ujana wake. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, wanangu." Akatueleza jinsi singa zilivyoanikwa kwenye nyaya, kama sisi tuanikavyo karafuu majamvini. Alipojua kazi yetu akauliza, "Na huko kwenu, karafuu bado yanunuliwa?" Tukajibu, "Alhamdulillahi, yanunuliwa." Akasema, "Hata sisi tulikuwa tukijibu hivyo."

Tuliondoka kimya.

Kilosa tulikunywa chai kwa maandazi. Mji huu umekaa kando ya Mto Mkondoa, ambao mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulifurika, ukabomoa nyumba na kuivunja reli. Kutoka hapo hadi Mikumi ni zaidi ya kilomita 70, kwa kupitia Ulaya, milima ikiwa upande wa kulia. Njiani mpira wa baiskeli moja ulitoboka, na vijana wa kijijini wakatutilia kiraka wala hawakutaka malipo. Mwenzetu mtu mzima alianza kulalamika magoti, tukamshauri apande gari. Akakataa, akasema hajapata kuacha karafuu mtini kwa sababu ya magoti. Tukampunguzia mzigo, tukaenda kwa mwendo wake.

Wenyeji walituhimiza tufike kabla ya Magharibi, maana Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko jirani, na tembo hawajui mpaka. Tulifika jua likizama. Tuliambiwa jina la mji limetokana na mti ambao sisi twauita mvumo.

Usiku ule maneno ya yule mzee hayakututoka. Wanachama, sisi nasi tumekwisha kuonjeshwa. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake, ilipanda mikarafuu yake yenyewe, na katika miaka ya 1980 soko lile likatuponyoka. Hatusemi mtu ang'oe mkarafuu hata mmoja. Twasema kila mwenye shamba atazame nafasi zilizo wazi, apande mdalasini, pilipili manga, iliki au minazi, ili siku bei ikianguka jiko lisizimike.

Jambo hili tutalileta katika mkutano mkuu. Njooni na mawazo yenu, na kila mmoja aje akijua hesabu ya miti yake.

Wassalaam,
Katibu wenu