Shamba Lako Likigeuka Kisiwa

Ndugu mkulima, sisi wa Kitui na Makueni tuko mbali na bahari. Lakini mvua kubwa ikinyesha, mito kama Thwake, Tiva na Enziu huweza kujaa kwa saa chache, ukabaki na jamaa yako kati ya maji kama watu wa kisiwani. Mvua za namna hiyo zilikuja mwaka 1997, na tena mwishoni mwa 2023 baada ya ukame wa miaka.

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tunazozitegemea zaidi. Basi yafaa ujitayarishe mwezi wa Septemba, ardhi ingali kavu.

Kwanza, nyumba. Upepo huingia chini ya bati lililolegea na kuling'oa. Gongomea misumari upya, na funga mapao kwa waya imara. Kata matawi yaliyoinamia paa. Zibua mitaro ya fanya juu, kisha chimba mfereji upande wa juu wa nyumba, upeleke maji penye majani mengi, si shambani kwa jirani.

Pili, chakula. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu yaliua watu 125 nchini, na Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Kuvu hupenda unyevu. Kabla ya kuweka mahindi ghalani, tia konzi moja katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, utikise. Chumvi ikishika kioo, mahindi bado yana maji. Yaanike tena juu ya turubai. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Weka pia unga, chumvi, kibiriti, kuni kavu na dawa za kutosha majuma mawili.

Tatu, mifugo na maji. Hamisha zizi kutoka ukingoni mwa mto. Maji ya kunywa yachemshwe, kwa maana mafuriko huleta uchafu visimani.

Mwisho, mto wenyewe. Usidanganywe na mchanga mkavu: mvua ikinyesha milimani, maji hufika kwako ghafula hata kama kwako jua linawaka. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililochukua watu waliokwenda harusini liliingia katika mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hao walikuwa ndani ya basi. Mtu wa miguu atasimama wapi?

Kama shule iko ng'ambo, patana mapema na ndugu au rafiki wa upande huo, watoto walale kwake mto ukijaa. Unga ukiwamo nyumbani, na watoto wana pa kulala, hapana haja ya kushindana na maji. Ngoja yapungue, ndipo uvuke.