Mbwa Mkubwa Ndani ya Nyumba: Tumfundisheje Kujisaidia Nje?



Tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama hapa Kangema, ajenda ilikuwa mbuzi wa maziwa. Lakini tulijikuta tukizungumza habari za mbwa hadi chai ikapoa. Mama mmoja alikuwa ameletewa na mwanawe mbwa mkubwa wa aina ya German Shepherd. Akamlaza nje, kama sisi sote tunavyofanya. Usiku mmoja wezi wakamtupia nyama yenye sumu, na asubuhi mbwa amekufa na mbuzi wawili hawapo. Sasa ana mwingine wa miezi mitano, na huyu ameapa kumlaza ndani. Shida ni kwamba kila asubuhi sebule imeloa, na shosho wa nyumba hiyo ameshasema: ni mimi au ni huyo mbwa.

Mwanachama mmoja akatuchekesha, akasema sisi ni kikundi cha kujisaidia na mbwa naye anajisaidia, basi aandikishwe. Tulicheka, lakini jambo lenyewe si mchezo. Mbwa aliye ndani usiku hapati nyama ya wezi, na akibweka mwenye nyumba anaamka upesi. Tena kulala na wanyama si mambo ya wazungu tu. Wazee wetu walilaza mbuzi na kondoo ndani ya nyumba ya mama.

Kwanza tuelewe kwamba mbwa hakojoi ndani kwa ubaya wala kwa kulipiza kisasi. Hajui tu. Kwa asili yake hapendi kuchafua mahali anapolala, na hapo ndipo tunaanzia. Mpe pembe yake, gunia au blanketi kuukuu, na usiku umfunge hapo kwa kamba fupi inayomwezesha kusimama, kugeuka na kulala. Akiachiwa sebule nzima, atalala pembe hii na kukojoa ile.

Pili ni saa. Mbwa anayekula ovyo ovyo anaenda choo ovyo ovyo. Mlishe kwa saa zile zile kila siku, na chakula cha jioni kiwe mapema, saa kumi na moja au kumi na mbili. Maji ya kunywa asinyimwe mchana. Mtoe nje mara tu anapoamka, kila baada ya kula, baada ya kucheza, na mwisho kabisa kabla ya ninyi kulala. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu huweza kujizuia mchana kwa saa tatu au nne hivi, si zaidi. Kwa hiyo mwanzoni mtu mmoja ataamka katikati ya usiku, na tunajua ni nani ataamka. Afadhali wazee wa nyumba wapokezane!

Mpeleke mahali pale pale kila mara, kwa mfano nyuma ya migomba, mbali na mboga na maji. Simama naye. Akimaliza, hapo hapo msifu na umpe kipande kidogo cha ugali. Ukingoja mpaka mrudi ndani, hatajua anasifiwa kwa nini.

Sasa hii desturi ya kumsugua pua kwenye mkojo na kumpiga, tuiache. Mbwa aliyepigwa kwa kosa la nusu saa iliyopita haelewi kitu. Anajifunza kumwogopa mtu na kujificha akikojoa, na mbwa mkubwa mwenye hofu ni hatari kwa watoto. Isitoshe, kumtesa mnyama ni kosa katika sheria za Kenya. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja, mtoe nje amalizie huko, kisha msifu.

Harufu ikibaki, atarudi pale pale. Sakafu ya simiti ioshwe kwa sabuni, isuuzwe, kisha ipakwe siki iliyochanganywa na maji. Sakafu ya udongo hunywa mkojo, kwa hiyo kwangua udongo uliolowa, utupe, ujaze mpya na kushindilia. Mbwa aliyekomaa ambaye hajawahi kuishi ndani anafundishwa vivyo hivyo, kana kwamba ni mtoto. Dume anayeinua mguu kwenye kila kiti huenda akahitaji kuhasiwa na daktari wa mifugo.

Tunaomba msituelewe vibaya: mbwa mchafu hafai kuingia ndani. Hapa Murang'a tunawajua funza vizuri, na funza huingia miguuni mwa mbwa kama wanavyoingia kwetu. Mkague kati ya vidole kila juma, na vumbi la sakafu linyunyiziwe maji. Apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na matumbo mabichi ya kondoo au mbuzi asipewe kamwe. Kule Turkana, ambako mbwa waliishi karibu sana na watoto wachanga, uvimbe unaoletwa na tegu wa mbwa uliwatesa watu wengi. Kinyesi chake kizikwe, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Serikali imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya ugonjwa huu, lakini hilo linategemea chanjo ya kila mwaka, hata kwa mbwa asiyetoka uani. Ulizeni mapema ofisi ya mifugo, hasa Septemba inapokaribia, maana tarehe 28 mwezi huo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, ni kuchelewa.

Tulipita kwa yule mama baada ya majuma matano. Sebule ilikuwa kavu, ila alituambia kwamba juma la mvua kubwa mbwa alikataa kutoka na wakarudi nyuma kidogo. Shosho bado hamwiti kwa jina. Lakini tuliona blanketi la mbwa limesogezwa karibu na mlango wa chumba chake, na hakuna aliyetaka kusema ni nani alilisogeza.