Baka la ukoma na jina la uongo

Mama mmoja alimleta kijana wake akiwa na baka mgongoni. Kabla sijaligusa aliniomba, “Daktari, kwenye kadi andika jina jingine. Dada yake anachumbiwa.”

Mpenzi msomaji, ombi hilo lilinikumbusha kisiwa cha Nagashima, mkoani Okayama, Japani. Mwaka 1930 serikali ilifungua huko hospitali ya kuwatenga wagonjwa wa ukoma. Mkondo wa bahari unaokitenga na bara ni mwembamba, lakini daraja lilifunguliwa mwaka 1988. Mgonjwa alipofika aliogeshwa kwa dawa ya kuua vijidudu na kunyang'anywa fedha zake. Wengi walichukua jina jipya, tena wengine kwa hiari. Walijua kwamba ukoo ukitambulika, dada hataolewa na kaka atakosa kazi. Kwa hiyo walijifuta wenyewe. Wapo ambao hawakuwaandikia tena wazazi hata barua. Wanaume waliotaka kuoa walifungwa kizazi kwanza. Walipokufa, majivu ya wengi yalibaki kisiwani maana hakuna ndugu aliyekwenda kuyachukua.

Kinachoniuma mimi daktari ni tarehe. Dawa ya kutibu ukoma ilianza kutumika Japani mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini sheria ya kutenga wagonjwa ilifutwa mwaka 1996! Waliokuwepo bado walikuwa wazee, wamepona zamani, hawana mtoto wala pa kurudi. Mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto ilisema sheria ile ilivunja katiba, na mwaka 2019 ikaamuru familia nazo zilipwe fidia.

Yule kijana nilimwandika kwa jina lake. Bila jina halisi siwezi kumfuatilia akikosa dozi, na kadi ya mgonjwa ni siri.

Nawe mzazi, mkague mtoto unapomwogesha. Baka lililopauka au jekundu, lisilowasha, na ambalo ukiligusa kwa pamba hasikii, usilipake dawa za dukani. Nenda kituo cha afya. Dozi ni ya miezi 6 au 12, bila malipo, na akishaianza haambukizi tena, kwa hiyo mle sahani moja kama kawaida. Akichelewa, neva hufa, vidole hupinda, na hapo dawa haivirudishi.

Mnaoishi naye nanyi mje mkaguliwe, pamoja na dada anayechumbiwa.